Mwanangu wa miaka 15 kamaliza pesa za karafuu kwa wiki tatu, namfundishaje kuweka akiba?

MamaKijana_Wete

Asalaam alaykum jamani. Mie nipo Wete, nna watoto watatu, huyu mkubwa ana miaka 15 yupo fomu tuu. Msimu huu wa karafuu akitoka skuli na chuo cha Qur'ani anakwenda shamba kwa ami yake, kupanda mkarafuu sijamruhusu na sitomruhusu, nshaona waliovunjika, yeye anaokota za chini na usiku anakaa na kina bibi kuchambua, wanalipwa kwa pishi. Mpaka msimu unakwisha kajikusanyia 180,000. Laki na themanini mtoto wa miaka 15! Mie mwenyewe sijaishika pesa hiyo kwa mkupuo tokea Ramadhani.

Basi wiki tatu tu haipo. Kanunua simu ya tachi iliyotumika, raba, kofia, bando kila siku, chipsi mayai, na wenzake anawalipia urojo kama mtu anayegombea ubunge. Wiki ya nne mnyororo wa baiskeli anayoendea skuli ukakatika, fundi kataka 8,000 pamoja na kazi yake, kaja kwangu kasimama mlangoni, "mama, dharura". Nikamuuliza na zako ziko wapi, akanitizama tu, hata hakujibu.

Nshamwambia haba na haba, nshamwambia akiba haiozi, siku hizi methali ananimalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Babaake yupo Unguja kazini anasema niache atakua. Sasa mnambie, mtoto wa umri huu anafundishwaje kuweka na kuwa na pesa ya dharura, maana sitaki aje kuwa mtu wa daftari la dukani kila ikifika tarehe 20. Nimwekee mie, nimfungulie benki, au akae nazo kwenye simu? Kiasi gani? Na ile simu nimnyang'anye niiuze au vipi?

fundi_cherehani

Simu usiuze dada, utaanzisha vita ambayo huna silaha zake. Pesa alifanyia kazi mwenyewe usiku kucha na mikono kunuka karafuu, wacha aione imekwenda wapi. Kila akiishika ile simu ataukumbuka mnyororo.

mwalimu_mstaafu_Chake

Bibie mie nimesomesha sekondari huku Pemba miaka mingi, sasa nimestaafu nafuga kuku. Watoto wetu hesabu wanazijua, ukimpa swali la mtu kanunua kwa hiki kauza kwa hiki anapata. Asichokijua ni tafauti ya dharura na hamu. Kaa naye usiku mmoja, umeme ukizimika ndo vizuri zaidi simu haina chaji, muulize juu ya kila anachokiita dharura: ulikuwa unajua kama kitakuja? Kikikaa wiki moja kuna kitakachoharibika? Ukikikosa utashindwa kwenda skuli au kula au kutibiwa? Mnyororo wa baiskeli ni dharura, hapo kijana wako kasema kweli na usimcheke. Nguo ya Idi si dharura, Idi ipo kwenye kalenda. Safari ya skuli waliyotangaziwa mwezi mzima nayo si dharura. Hivyo vyengine anavidunduliza mapema, na mfuko wake uwe mbali.

Kiasi sasa. Wataalamu wa fedha wanawaambia watu wazima waweke matumizi ya miezi 3 mpaka 6. Mtoto ukimwambia hivyo atakuona umechanganyikiwa, hana kodi ya nyumba hana mke. Mwambie aandike mabaya yanayoweza kumfika yeye kwa saizi yake, mnyororo, pancha, ndara kukatika, miwani kama anavaa, nauli ya kurudi akikwama Chake. Kubwa kuliko yote pengine halifiki 30,000. Basi hiyo ndo shabaha, 30,000, ikishafika pale usimbane tena, nyengine ale chipsi zake kwa raha. Ikitumika, anairudisha kwanza ndo chipsi ziendelee.

tachi_imepasuka

Mwalimu na kioo cha simu kikipasuka jee? Hukukijua kama kitapasuka 😅

mwalimu_mstaafu_Chake

Kikikaa wiki kinaharibika nini?

tachi_imepasuka

Maisha yangu

dagaa_na_shombo

Hahaha. Jamani sie wavuvi wa dagaa tuna somo hili kila mwezi na bado tunafeli. Mwezi ukiwa mkubwa hatuendi baharini, taa zetu hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, dagaa hawakusanyiki. Siku hizo zipo kila mwezi tokea enzi za babu zetu na kila mtu anazijua, lakini ukifika usiku wa kumi na tatu wa mwezi utaona watu wazima na ndevu zao wanazunguka kukopa unga, kama kwamba mwezi umewatokea ghafla.

Mie wangu ana miaka 16, likizo namchukua. Nilichofanya ni kumpa sehemu yake ya siku za giza kama mvuvi mwengine, mkononi, halafu nikamwambia mbalamwezi ukiingia mie sina, usinambie shilingi mia. Mwezi wa kwanza alikaa siku tisa hana hata ya juisi ya miwa na mamaake ananinunia mie. Nilivumilia. Mwezi wa pili nikamuona kafunga noti kwenye kitambaa cha fulana ya zamani kaziweka juu ya kabati, nikauliza hizi za nini, kasema "za mwezi". Basi. Sikumsomea methali hata moja. Ila ukishasema huna, usiwe nazo kweli, ukimpa japo mia tano siku ya tatu umeharibu yote.

BintiMwani_Jambiani

Mie nina miaka 22 si mzazi lakini nikwambieni nilivyofunzwa mie, kwa sababu hakuna aliyekaa akanifunza. Mama analima mwani, tunaingia pwani bamvua likiwa kubwa maji yakatoka mbali, tukishafunga mbegu tunangoja kama wiki sita ndo tunavuna. Sasa mama na wenzake wana kikundi cha hisa, lile sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tafauti, halifunguliwi mpaka wote wawepo. Nikiwa na miaka 13 nilikuwa nakaa pembeni nachora na mchanga huku nasikiliza. Nikaona kuna pesa za hisa zinakwenda huku, halafu kuna kikoba kidogo mbali wanakiita mfuko wa jamii, kila mtu anatoa kidogo sana, hiyo haikopwi kwa biashara, ni ya aliyefiwa au aliyeuguliwa. Siku moja mama mmoja mtoto wake aliungua na maji ya moto, walimpa pale pale mbele yangu, hakuna aliyeulizwa utarudisha lini. Ile picha haijanitoka.

Kwa hiyo dada, mtoto kama una kikundi nenda naye akakae pembeni, usimwambie kitu.

Na upatu naomba nitie neno, maana naona mtu atauleta. Mie na wenzangu tulikuwa na upatu wa 2,000 kwa wiki tukiwa fomu srii, mzuri kwa kununulia kitu kikubwa, mie nilinunua kabati langu. Lakini upatu una zamu na dharura haina zamu. Nilipoumwa na jino zamu yangu ilikuwa ya sita. Na yule aliyepokea wa kwanza kuanzia wiki ya nne akawa akituona anavuka barabara.

hotelini_Nungwi

Binti umesema. Mie nilikuwa mhudumu hoteli moja kubwa huku kaskazini, mwezi wa tatu 2020 korona ilipoingia wageni wakaondoka, ndege zikasita, tukaambiwa nendeni nyumbani mpaka tutakapokuiteni. Nilikuwa na mshahara, sevisi chaji, tipu, nna televisheni ya inchi 43. Akiba nilikuwa na siku kumi na moja. Nakumbuka hesabu kwa sababu siku ya kumi na mbili ndo niliibeba ile televisheni.

Na wala hukuhitaji korona, sie kila mwaka masika mwezi wa nne na wa tano hoteli zinafunga au zinapunguza watu, huo ndo mbalamwezi wetu kama alivyosema ndugu yangu wa dagaa.

Sasa na bint yangu ana miaka 14, ninachofanya tarehe ya mshahara nakaa naye na karatasi. Namuonesha yote, siri sina. Umeme wa Tukuza kiasi gani, gesi, mchele, nauli yangu, pesa ya bibi yake Donge. Mwanzo nilidhani atadharau mshahara wangu, kinyume chake, wiki ile ile alianza kuzima feni. Mwezi uliofuata akanambia baba tukitoa elfu ishirini kila mwezi kwenye miezi ya wageni tukaiweka, mwezi wa nne tunayo laki na themanini. Kaanza kuhesabu wa saba mpaka wa tatu. Miezi tisa, ni kweli, nilikaa nikahesabu kwa vidole. Watoto tunawaficha hesabu za nyumba halafu tunataka wajue thamani ya pesa, wataijulia wapi?

shoga_mkweli

MamaKijana samahani nikuulize swali na usinikasirikie. Kijana wako zamani alikuwa na kibubu?

MamaKijana_Wete

Alikuwa nacho ndiyo. Kwa nini?

shoga_mkweli

Kiliishia wapi?

MamaKijana_Wete

Mmh.

Haya. Nimekaa na swali lako tokea jana usiku, wacha niseme. Alikuwa na miaka 9, kibubu cha mbao alichongewa na fundi samani jirani yetu, anatia sarafu za mia tano tu, mia mbili hataki anasema zinajaza nafasi bure. Akikitikisa anajua kimefika wapi kwa mlio. Mdogo wake usiku mmoja akashikwa na degedege, babaake hayupo, nyumbani sina kitu, nikakipasua kwa mchi. Gari ya kukodi, dawa, yote yakatoka mle. Mtoto alhamdulillahi alipona, hivi sasa ninavyoandika ananipigia kelele hapa.

Asubuhi kijana kaamka kakuta vipande. Nikamwambia nitakurudishia mwanangu. Sikurudisha. Si kwa kukusudia, mwezi ukaja na mambo yake, na yeye hakuuliza tena hata siku moja, nikadhani kasahau. Na kibubu chengine hakutaka, nilimnunulia cha plastiki cha bata mpaka leo kipo kitupu.

shoga_mkweli

Hajasahau shoga yangu. Mwenye kufunzwa kwamba kilichowekwa kinachukuliwa na kilicholiwa ndo chako, hawezi kuweka. Laki na themanini kaimaliza kabla hujapata dharura wewe.

fundi_cherehani

Dah. Kumbe akiba ya dharura nyumba hiyo ilikuwepo, ila ya mtoto wa miaka 9.

kizibao_cha_Idi

Jamani tusimuonee mama wa watu peke yake, nani hapa hajawahi kuambiwa "mkono wa Idi huo nipe nikuwekee"? Mie tunatoka Mnazi Mmoja usiku mifuko imejaa, tunafika mlangoni bi mkubwa kashakaa na mkoba wake kama ofisa wa forodha. Nina miaka 34, hizo pesa bado kaniwekea.

dagaa_na_shombo

Ukizidai leo mtu ananunua boti 😂

baba_ndo_mwenye_nyumba

Mnakuza mambo. Mtoto na mali yake ni vya babaake, hadithi ipo. Mzazi hakopi kwa mwanawe.

ustadh_mdogo

Hadithi ipo kweli na wanazuoni wengi wameielezea kwa masharti, mzazi anachukua anapokuwa na haja na bila ya kumdhuru mtoto, si kwamba kila kibubu ni halali ya mwenye mchi. Kwa usiku ule bibie hukukosea kuchukua, mdogo wake alikuwa anaumwa. Ulipokosea ni kuahidi halafu kunyamaza, ahadi ni deni.

Na soma Suratun Nisaa aya ya 6, mlezi wa yatima kaambiwa awajaribu mpaka wafike umri wa kuoa, akiona wamepevuka kiakili awakabidhi mali zao. Wajaribuni. Huwezi kumjaribu mtu bila ya kumpa kitu mkononi akakosea. Huyo wako kajaribiwa kwa 180,000 kafeli, bora leo kuliko ajaribiwe na mirathi.

Kuna mtu kaniuliza inboksi habari ya zaka ya akiba za watoto. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mali ya mtoto inatolewa zaka na walii wake, yaani mlezi, ndiye anayeitoa, lakini mpaka ifike nisabu, thamani ya dhahabu gramu 85 au fedha gramu 595, na izungukiwe na mwaka. Kibubu cha mia tano mia tano hakifiki hata karibu, msiwatishe watoto.

wakala_bandarini_Mkoani

Mie wakala wa pesa za simu, nataka nijibu lile la wapi aweke maana mmeliacha. Kwanza laini, mtoto chini ya miaka 18 anatumia laini iliyosajiliwa na mzazi, kwa hiyo kwa karatasi hizo pesa ni zako wewe, na mambo ya kibubu tushayasikia. Pili makato. Vijana wanakuja kwangu wanatoa 2,000 asubuhi wanatoa 2,000 jioni, kila kutoa kuna kinachokatwa, mwisho wa mwezi kakatwa pesa ya pancha mbili. Tatu, pesa ikiwa kwenye simu ipo jirani mno na bando na kubeti, vidole viwili imekwenda. Nawaona wanavyokodoa macho pale kibandani wakisubiri matokeo ya mpira wa nchi ambayo hawaijui hata ipo wapi.

Kwa 30,000 ya mwalimu bora ikae nyumbani taslimu, dharura ya usiku haisubiri wakala afungue. Ikizidi hapo ndo benki. Benki nyingi zina akaunti za watoto, mzazi ndiye msimamizi, nenda na cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chako waulize masharti yao. Mkiogopa riba, PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana dirisha la Kiislamu, Ikhlas.

BintiMwani_Jambiani

Na ufunguo asikae nao yeye wala mama. Kufuli tatu jamani, kufuli tatu.

MamaKijana_Wete

Narudi na majibu, samahani nimechelewa tulikuwa na shughuli ya harusi Konde.

Nilimuita juzi baada ya isha. Nikamwambia mwanangu nna deni lako la kibubu na nataka kulilipa, nadhani ilikuwa kama elfu arobaini hivi. Akanyamaza, akainuka, akaenda chumbani, nikadhani kakasirika. Karudi na daftari lake la chuoni la zamani lile la jalada la kijani, ukurasa wa mwisho nyuma kaandika kwa mwandiko wake wa miaka 9, vijistari vinne vinne na cha tano kimevikata, kila kijistari mia tano moja. Nikahesabu mie, vijistari 93. 46,500. Chini yake kwa kalamu nyengine na mwandiko wa ukubwani kidogo kaongeza "Idi 6,000". Hiyo Idi mie nilishaisahau kabisa, kumbe nayo nilimwekea. Jumla 52,500.

Sikuweza kusema kitu. Nilicheka halafu nikalia halafu nikacheka.

Tumekubaliana 5,000 kila Ijumaa nikitoka sokoni. Kafuata fundi yule yule wa samani kachongewa kisanduku chengine, bata kampa mdogo wake. Ufunguo uko kwa bibi yake, na bibi kaambiwa mbele yangu asimpe mama bila ya yeye kuwepo, na bibi kajibu "hata akija na mchi", kumbe stori wote wanaijua. Ya dharura mwisho 30,000 kama alivyosema mwalimu, tumeyaandika mabaya yake, la kioo cha simu tumebishana sana likatoka.

Akaniuliza na faida jee, miaka sita pesa zimekaa kwangu. Nikamwambia hiyo riba mwanangu. Akasema haya.

Na mnyororo nimempa ile 8,000 akautengeneze, maana wiki ya pili sasa kila siku anakwenda skuli kwa miguu. Jana nimeona daftari lipo mezani nikachungulia. Kaandika "Mama 8,000", kapiga mstari, kaandika chini 44,500.